Deni la Yusuf na njia ya Ariwara

Asubuhi moja ya siku ya soko nilikuwa kwenye foleni mpakani, nikielekea Ariwara kutafuta habari ya bei ya kahawa. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida ya siku ile, nikatoa kitabu. Mama mmoja muuza vitenge, ambaye tunafahamiana kwa kuwa sote ni watu wa Pajulu, akaniuliza ninasoma nini. Nikamjibu kuwa ni riwaya.

"Hadithi?" akasema. "Mwandishi wa habari mzima, umesoma mpaka chuo kikuu, bado unasoma hadithi?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Kwa kuwa hatukuwa na kazi nyingine, nikamsimulia inavyoanza. Kuna baba mmoja mwenye hoteli ndogo katika mji wa reli. Anadaiwa na tajiri wa pwani na hana cha kulipa. Siku moja tajiri anapita kama ilivyo desturi yake, na mtoto wa yule baba, Yusuf, mwenye miaka 12, anaambiwa afunge kifurushi chake kwa kuwa atasafiri na mgeni. Mtoto anapanda treni akifurahi, akidhani anakwenda na jamaa yake. Baadaye sana ndipo anapoelewa kwamba yule si jamaa yake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye malipo.

Mama wa vitenge hakucheka tena. Aliuliza swali moja tu: "Deni lilikuwa la kiasi gani?"

Nimesoma uhakiki mwingi wa riwaya hii na sijaona mhakiki aliyeanzia hapo. Mfanyabiashara huanzia hapo, na nadhani ana haki. Ndiyo sababu nimeamua leo niache kidogo habari za ushuru na vyeti vya asili ya bidhaa, niwaeleze nilichosoma miezi hii, mkiwa njiani au mkisubiri gari lijae.

Kitabu ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakitafsiri kwa Kiswahili, kikatolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam mwaka 2022. Nilikipata kwa njia ambayo mambo mengi hutufikia huku: dereva wa lori alikibeba kutoka Dar hadi Kampala, mtu wa basi akakileta Arua usiku, kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipuri vya pikipiki. Kilinuka grisi kwa wiki nzima.

Wengi husema ni riwaya ya ukoloni wa Wajerumani unavyoingia. Ni kweli, lakini kwangu mimi ni riwaya ya mali kauli. Watu wa pwani huita hivyo bidhaa unayochukua leo kwa neno lako tu, ukalipe ukishauza. Huku kwetu tunasema mkopo, na kila msomaji wa safu hii anajua uzito wake. Tajiri Aziz hajengi utajiri wake kwa bunduki. Anaujenga kwa kuwakopesha wenye maduka madogo njiani, na yeye mwenyewe amekopa kwa wenye fedha wa pwani ili kuandaa msafara wa kwenda bara. Kila mtu ana mtu anayemdai. Hata dukani kwake anayeuza ni Khalil, kijana aliyewekwa rehani kabla ya Yusuf kwa deni la baba yake. Na kuna mwenye duka mmoja kule mlimani anayemwekea Aziz magunia ya pembe za faru zilizopigwa marufuku. Magendo hayakuanza na vijana wa OPEC wa Arua na madumu yao ya mafuta.

Sehemu iliyonifanya nifunge kitabu na kutembea kidogo nje ni pale msafara unapofika kwa mtawala aitwaye Chatu, ng'ambo ya ziwa. Aziz amekuja na nguo na vyuma, anataka pembe za ndovu. Chatu anamnyang'anya kila kitu. Ukisoma haraka utasema huyu ni jambazi. Lakini Chatu ana maelezo: kabla yao alikuja mfanyabiashara mwingine wa pwani, akapokelewa vizuri, akachukua mali kwa ahadi kwamba atarudi na malipo, na hakuonekana tena. Sasa wamekuja wenzake, basi walipe wao. Aziz anajitetea kwamba hamjui mtu huyo. Chatu hataki kusikia. Kwake wote ni watu wa pwani.

Nani kati yenu hajawahi kulipa deni la mtu asiyemfahamu? Ukifika Kaya na mzigo wa sabuni, ukaambiwa utoe fedha taslimu kwa sababu Mganda wa mwezi uliopita alikimbia na fedha za watu, hapo umefika kwa Chatu. Mkongo akifika Arua na kahawa yake na kupimwa mara tatu kwa sababu aliyemtangulia alitia mawe guniani, yeye naye yuko kwa Chatu. Nimehudhuria mikutano mingi ya utangamano ambako wataalamu wanaonyesha picha ukutani kuhusu vikwazo visivyo vya kiforodha. Wanazungumzia mizani, vituo vya polisi na stempu. Sijasikia hata mmoja akikizungumzia hiki, kwamba kosa la mtu mmoja hubandikwa kwenye uso wa kabila zima au nchi nzima, na kwamba hakuna karatasi ya kuliondoa. Gurnah amelieleza katika sura moja.

Hapa lazima niseme jambo la nyumbani. Mwaka 1996 mama yangu alichukua mawese na vitenge kwa mkopo kutoka kwa tajiri mmoja wa Ariwara. Barabara zetu wakati ule hazikuwa salama. West Nile ilikuwa na waasi wake na upande wa pili vita vilikuwa vinaanza. Gari lilitekwa kabla ya kufika sokoni. Mama alirudi Ariwara mwenyewe kumweleza yule tajiri, akiwa amefuatana na kaka yangu mkubwa ambaye alikuwa na miaka 12. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, hakufoka. Kisha akasema, kwa Kiswahili chao cha kule: "Mutoto abaki hapa. Utamuchukua siku utaleta feza."

Kaka alibaki miezi minne. Mimi nilikuwa na miaka sita, nakumbuka tu kwamba mkeka wake ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa ukutani, na kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuulalia. Alipoletwa alikuwa anajua kupima kahawa, kuhesabu kwa Kifaransa, na kuamka kabla ya kuitwa. Nyumbani hatukuwahi kuliita jambo hilo kwa jina. Tulisema "wakati ule kaka alipokuwa Ariwara", kama vile alikwenda shule ya bweni. Neno rehani nililikuta kitabuni, nikiwa na zaidi ya miaka thelathini.

Kwa hiyo wanaoniambia riwaya ni ya watu wasio na kazi, jibu langu ni hilo.

Pamoja na hayo, nina ugomvi na Peponi. Msafara unapoingia bara, watu wa bara wanaonekana kwa macho ya wapwani: washenzi, wachafu, watu wa kuogopwa au kuhadaiwa. Najua mwandishi amefanya hivyo kwa makusudi, ili tuone dharau ya wasafiri wenyewe, na mhakiki yeyote ataniambia nimesoma vibaya. Lakini mtu wa Arua akisoma kurasa zile hasomi kama mtu wa Unguja. Sisi ndio tulio mwisho wa njia. Nilisoma nikijua kwamba katika msafara ule, mimi ni yule anayetazama kutoka kwenye majani.

Hilo linanileta kwenye kitabu cha pili, ambacho ni cha Kiingereza na naomba mtafsiri yeyote anayesoma hapa akifikirie. Kinaitwa Waiting, cha Goretti Kyomuhendo, kilichapishwa mwaka 2007. Ni kifupi. Mwaka ni 1979, mahali ni kijiji karibu na Hoima. Wanajeshi wa Amin wanakimbia kuelekea kaskazini wakipora njiani, na familia moja inalala kwenye migomba usiku kwa kuogopa kukutwa nyumbani. Anayesimulia ni msichana, Alinda, ana miaka 13, mama yake ni mjamzito. Jirani yao mmoja ni mwanamke Mlendu, mtu wa Congo, ambaye lugha yake inachekwa na dawa zake zinahitajika. Baadaye wanafika wanajeshi wa Tanzania.

Kitu kikubwa katika kitabu hicho ni kungoja kwenyewe: kusikiliza gari kwa mbali, kubishana kwa kunong'ona juu ya nani alisahau sufuria. Kyomuhendo hapandishi sauti. Niliposoma sura ya mama kuzaa nilikuwa kwenye basi la usiku, abiria wa jirani akaniuliza kama ninaumwa.

Sasa jiulizeni, wale wanajeshi waliokuwa wanakimbia kaskazini walikuwa wanakwenda wapi? Walikuwa wanakuja kwetu. Wengi wao walikuwa wana wa Koboko, wa Arua, wa Yumbe, na walipofika nyumbani hawakukaa. Oktoba 1980 mapigano yakaanza tena Koboko na Arua, na West Nile ikahamia karibu yote Congo na Sudan. Juni 1981 yakatokea mauaji ya Ombaci, kwenye misheni, dhidi ya raia waliodhani kanisa litawakinga. Wazazi wangu walioana wakiwa wakimbizi upande wa Aru. Msichana wa Hoima amepata mwandishi wake. Msichana wa Pajulu aliyelala kwenye muhogo mwaka mmoja baadaye, akiwakimbia askari wengine waliosema Kiswahili kilekile, bado hajampata. Simlaumu Kyomuhendo, kila mtu huandika aliyoyaona. Nalalamika kwamba hadithi yetu mpaka leo inasimuliwa na wengine, tena nyingi zikiishia kwa mtu mmoja. Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unatoka karibu na Koboko, atakutajia Amin na ile filamu. Riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, The Last King of Scotland, nimeisoma pia, kwa kuchelewa. Imeandikwa kwa ustadi, na daktari Mskoti anayesimulia ni wa kubuni. Lakini West Nile humo ni mahali alikotoka mtu wa kutisha, basi. Niliimaliza na nikamgawia jirani.

Suala la Kiswahili halitenganishwi na hilo. Katiba yetu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kusini mwa nchi wapo ambao bado wanakisikia kama lugha ya kizuizi cha barabarani, ya mtu mwenye bunduki anayesema lala chini. Siwezi kuwaambia wamekosea, kwa sababu ndivyo kilivyowafikia, na kitabu cha Kyomuhendo kinaonyesha hivyo. Lakini sisi wa mpakani tunacho kingine. Cha kwetu kilipita sokoni, kupitia Bunia na Aru, kikachanganyika na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kilingala, kikaacha ngeli nusu njiani. Mwalimu akikisikia atashika kichwa. Hata hivyo, kwa Kiswahili hicho mama yangu alijitetea mbele ya mtu aliyemdai, akaeleweka.

Nimesoma nyingine mbili ambazo nitazigusa tu. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inamhusu Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayevuka mpaka na kwenda Kenya hadi Kitale kumtafuta baba yake. Walibora alifariki Nairobi Aprili 2020, na nilirudia kitabu chake kwa ajili hiyo. Kinasomeka haraka, kijana anateseka na bado ana adabu, ingawa mara kwa mara bahati inamwokoa pale ambapo mpaka wa kweli usingemwokoa mtu. Msafiri wetu wa Oraba angetaka kujua alilala wapi na alitoa kitu gani kidogo kwa nani. Nyingine ni Kuli ya Adam Shafi, iliyotolewa Dar mwaka 1979, kuhusu Rashidi na wapakuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Nawashauri hasa wenye malori waisome. Tunapiga hesabu za mafuta, ushuru na bei, halafu yule anayebeba gunia mgongoni kutoka lori hadi lori tunamlipa kile kilichobaki mfukoni. Sisemi zaidi.

Ombi langu ni dogo na ni la kibiashara. Maduka ya vitabu niliyopita Arua yana madaftari, vitabu vya shule, Biblia na Kurani. Riwaya ya Kiswahili sikuiona hata moja. Wakati huohuo kila wiki watu wetu wanakwenda Kampala, wengine Nairobi, wengine mpaka Dar, na kurudi na magunia ya kila aina. Sudan Kusini imo ndani ya Jumuiya tangu 2016 na Congo tangu 2022. Wanafunzi watakaolazimishwa kusoma lugha hii watahitaji kitu cha kusoma baada ya sarufi, la sivyo wataichukia kabla hawajaijua. Mtu mwenye akili ya biashara akileta riwaya 20 katikati ya mzigo wake wa magodoro, akaziweka karibu na kituo cha mabasi ambako watu wanasubiri kwa saa nyingi, nitakuwa wa kwanza kununua. Nusu ya hizo nitamsaidia kuuza. Huenda akapata hasara mara ya kwanza. Amewahi kupata hasara kwenye nyanya na hakuacha biashara.

Na kuna ombi la pili, kwa wale waliokwishazeeka katika kazi hii. Wengi wenu mna madaftari ya madeni ya miaka 20, 30: fulani wa Aru, magunia matatu, fulani wa Yei, hajarudi tangu vita. Msiyachome. Mpaka huu ulichorwa na watu ambao hawakuuona. Alipokufa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1909 sehemu hii ilitoka mikononi mwa Wabelgiji ikaenda Sudan, na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda, Walugbara wakabaki pande mbili. Kumbukumbu za jinsi watu wameishi juu ya mstari huo hazimo kwenye maktaba nyingi. Zimo kwenye madaftari hayo. Siku moja atatokea mtu wa kuandika riwaya ya huku, naye atayahitaji kama mwashi anavyohitaji matofali.

Peponi nilimpa kaka. Sasa ana duka lake mwenyewe Ariwara, na yule tajiri wa zamani, ambaye bado yu hai, anamwita mzee na kumpelekea sukari kila sikukuu. Jambo hilo limenikera miaka mingi. Kaka hasomi haraka. Kitabu kilikaa chini ya mizani yake kwa siku tatu za soko, kikapata doa la mawese kwenye jalada. Aliponirudishia hakusema lolote kuhusu Yusuf. Alisema, "Huyu Khalil namfahamu." Khalil, kwa asiyejua, ni yule ambaye angeweza kuondoka na haondoki. Nilitaka kumuuliza zaidi lakini mteja aliingia, na mteja kwa kaka yangu huja kwanza.

Jumapili iliyofuata tulikuwa Pajulu, tukila enyasa na samaki mkavu. Mama akatuuliza ni kitabu gani hicho ambacho watoto wake wawili wanapeana kwa siri kama barua ya mahakama. Kaka akanitazama. Nikamwambia mama kwamba ni kitabu cha biashara.